Bafu la Juu na Dari ya Jirani

 

Wasomaji wetu, na hasa akina mama, wametuzoea katika ukurasa huu kwa masuala ya hedhi, ya malezi, ya talaka na ya mirathi. Wiki hii twaomba radhi kwa kuwaingiza bafuni kwetu. Tumekivunja kijumba cha kuogea cha fibaglasi kilichokuwa orofani na mahali pake tumejenga bafu la vigae. Kazi iliyokisiwa kuwa ya siku nne imetuchukua wiki sita. Tungelinyamazia jambo hili kama wanyamazavyo watu mambo ya vyoo vyao, lau kuwa lilituhusu sisi peke yetu.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, katika mojawapo ya vichochoro vinavyoteremkia Bandari ya Kale kutoka Ndia Kuu. Ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu imelazwa juu ya boriti za mikoko. Orofa ni yetu. Chini anakaa bi mkubwa mmoja, mjane, ambaye mumewe na baba yetu walikuwa wakipeana kahawa barazani kila jioni hadi walipofariki. Akitoka nje hutuita "mwanangu", na mbele za watu hutuita "shekhe".

Mwezi wa Ramadhani uliopita, ahali yetu alimteremshia sahani ya kaimati na viazi karai. Kwa kawaida sahani hupokelewa mlangoni. Siku hiyo bi mkubwa alikuwa na maumivu ya goti, basi ahali yetu aliipeleka hadi chumba cha ndani. Huko aliona besheni jekundu la plastiki limewekwa pembeni, juu ya sakafu, na tone likaanguka ndani yake mbele ya macho yake. Akatazama juu. Dari ilikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa sinia la biriani, na chokaa ilikuwa imebanduka hata boriti mbili zaonekana. Msala wa bibi ulikuwa umesogezwa karibu na kabati, mahali pembamba pasipomtosha mtu kusujudu ila kwa kujikunyata.

Aliporudi juu hakuweza kula. Alituambia maneno machache tu: "Maji yetu yanamwangukia bibi."

Baada ya tarawehe tuliteremka pamoja na kijana wetu mkubwa. Tukamuuliza, "Tangu lini, mama?"

"Si sana, mwanangu. Tangu mwaka wa Korona."

"Na hukutwambia?"

Alicheka kidogo, akajifunga vizuri leso yake. "Ntamwambiaje shekhe kuwa maji yake ya udhu yanitonea? Watu wangesema natafuta maneno. Na maji yenyewe si mengi. Besheni hujaa mara moja kwa siku, namwaga, yamekwisha."

Wasomaji wetu wengi wanakijua kisa cha Sahl bin Abdillah At-Tustari, mcha Mungu aliyefariki mwaka 283 wa Hijria. Kimo katika kitabu Al-Kabair kinachojulikana kwa jina la Imamu Dhahabi, katika maneno juu ya kumuudhi jirani. Choo cha jirani yake, aliyekuwa Majusi, kilipasuka kikawa kinavujia chumbani mwa Sahl. Sahl akawa anaweka chombo chini yake mchana, na usiku hukimwaga pasipo mtu kuona. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipohisi mauti yamemkaribia ndipo alipomwita jirani yake akamwonyesha, kwa kuchelea kuwa watakaorithi nyumba hawatakuwa na subira yake. Yule Majusi alisilimu palepale.

Kisa hiki tumekisimulia mimbarini si mara moja wala mbili. Tulikisimulia hata katika miaka hiyohiyo ya besheni jekundu, na bi mkubwa alikuwa akitusikiliza kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa kuwa kwake husikika vizuri kuliko kwetu. Siku zote tulipokisimulia, nafsi yetu ilijiweka upande wa Sahl. Haikutupitia akilini hata siku moja kuwa katika kisa kile kuna jirani wa pili.

Usiku ule bi mkubwa hakudai dari wala fidia. Alikuwa na swali moja, nasi twalileta hapa kwa sababu huenda mama mwengine analo moyoni. Je, Sala zake za miaka yote hiyo zimesihi, naye alikuwa akitonewa na maji yatokayo bafuni? Je, azilipe?

Tulimjibu kuwa asli ya maji ni tohara, na yakini haiondoki kwa shaka. Maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu au kwa josho la faradhi, katika madhehebu yetu ya Shafii, ni tohara hata kama hayatohirishi tena. Tone likikuangukia nawe huoni ndani yake rangi ya najisi, huipati harufu yake wala ladha yake, hulazimiki kulipeleleza wala kulifulia nguo. Basi Sala zake ni sahihi na hana la kulipa. Alifurahi sana. Sisi hatukufurahi, kwa kuwa bafuni kwetu huoga pia wajukuu, na Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa mahali anapoogea, akaeleza kuwa wasiwasi mwingi hutokana na jambo hilo. Ni nani awezaye kuapa kwa mtoto wa miaka minne? Hukumu ya shaka ilimtosha yeye aliyekuwa chini, aliyedhulumiwa. Kwetu sisi tulio juu, shaka hiyo haikuwa na wa kuisitiri.

Asubuhi ya pili ya Idi tulimwita fundi, tukaanza kubomoa.

Kijumba kile kilikuja miaka kama kumi na tano iliyopita ndani ya kontena kutoka Dubai, zawadi ya shemeji yetu, nasi tulikionea fahari. Kilikuwa cheupe, chepesi, hakina maungio ukutani, na wageni walikuwa wakipelekwa kuonyeshwa. Tusikionee leo. Fibaglasi si kitu kibaya: mashua za fibaglasi zimo baharini mwetu miaka mingi na maji hayaingii. Na kwa sakafu ya boriti wepesi wake ni faida. Lakini sinia lile la chini lilitakiwa lilazwe juu ya kitanda cha udongo wa simiti, lishikwe kote. Aliyetuwekea alilisimamisha juu ya vipande vitano vya matofali na mchanga, katikati pakabaki patupu. Kila tulipokanyaga lilibonyea, nasi tukadhani ndivyo lilivyo. Kubonyea kwa miaka kulizaa ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa tundu la maji, usioonekana ila sinia lilipopinduliwa juani.

Chini yake tulikuta mchanga mweusi wenye harufu ya bwawa. Boriti tatu zilikuwa zimeoza vichwa. Fundi alitia bisibisi katika moja, ikazama mpaka kwenye mpini kama izamavyo katika mkate wa mofa uliorowekwa. Ya nne, iliyo juu kabisa ya mahali bi mkubwa alipokuwa akiusogezea msala, ilikuwa nzima nusu tu. Kijana wetu aliitazama, akatutazama, hakusema neno.

Hapa twataka kuusimamisha msomaji kidogo kwenye fikihi, kwa kuwa mambo haya hayakuachwa na wanavyuoni wetu. Katika mlango wa sulhu, Imamu Nawawi katika Minhaj anaitaja sakafu iliyo baina ya orofa ya mtu na nyumba ya chini ya mwenziwe, akaipa mwenendo wa ukuta ulio baina ya milki mbili. Na kuhusu ukuta wa shirika imeelezwa humo kuwa haifai mmoja wa washirika kupigilia hata kigingi, au kufungua tundu la mwangaza, bila ya idhini ya mwenzake. Tuliyasoma hayo madrasani tukiwa vijana, na tumewasomesha wengine. Tulipokitia kijumba cha fibaglasi tulitoboa sakafu ile kwa tindo tukapitisha bomba la inchi mbili, na marehemu mumewe bi mkubwa alikuwa hai, chini yetu, akisikia nyundo. Hatukumuuliza. Tulimpelekea halua baadaye.

Vijana wa Mji wa Kale wenye kuishi juu na chini, ndugu na ndugu waliogawana mirathi ya nyumba moja, twawaomba wausome mlango huo na walimu wao. Umeandikwa kana kwamba mwandishi alipita vichochoroni mwetu.

Turudi bafuni. Fundi wa kwanza alikuwa kijana hodari, ana haraka. Alisema siku nne: simiti, vigae, simiti nyeupe katika maungio, kazi imekwisha. Tulipomuuliza maji yatazuiwa na nini, alijibu, "Vigae havipitishi maji, shekhe." Nasi tungemkubalia. Ahali yetu alikwisha kuchagua vigae vya kung'aa vyenye maua ya samawati, na twamstahi.

Aliyetuzuia ni fundi mwengine, mzee wa Kibokoni, ambaye kazi yake miaka yote imekuwa kuziba matangi ya maji. Hakubishana. Aliomba vigae viwili vilivyobaki, akaviunganisha kwa simiti nyeupe juu ya tofali kavu, akatuambia tungoje kishike. Siku ya tatu akajenga ukingo mdogo wa udongo wa kuchezea watoto juu ya kile kiungo, akamimina maji kikombe kimoja, akaenda zake. Asubuhi tofali lilikuwa limerowa. Kigae chenyewe hakipitishi maji, ni kweli, lakini bafu lina maungio mamia, na kila kiungo hunywa. Kazi ya kuzuia maji haifanywi na kigae. Hufanywa na kitu kilicho nyuma yake, ambacho mgeni hataonyeshwa kamwe.

Basi pesa za maua ya samawati zikaenda kwingine. Kwanza boriti. Mikoko haikatwi ovyo siku hizi, ukataji wake wahitaji kibali, na boriti nzuri hungojewa. Tulingoja siku kumi na moja. Aidha Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa, na anayegusa mwili wa nyumba hupaswa kupitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Tulikwenda, tukaeleza, tukarudi. Tatu zilizooza zikatolewa, ile ya nusu ikatolewa pia, na badala ya nne zikatiwa sita. Hili nalo ni la kujua kwa mwenye kutamani vigae juu ya boriti: kitanda cha simiti chenye unene wa sentimita 5 chakaribia kilo 100 kwa kila mita moja ya mraba, kabla ya kigae wala mtu. Fibaglasi haikuwa na uzito huo. Mwenye kubadilisha moja kwa nyengine bila ya kuitazama sakafu anambadilishia jirani tone kwa kifusi.

Kisha mwinamo. Mzee alitaka sentimita 2 kwa kila mita, kutoka pande zote kuelekea tundu la maji, akaupima kwa bomba la plastiki lenye maji ndani, si kwa jicho. Juu ya simiti iliyokauka akapaka dawa ya kuzuia maji kwa brashi mara mbili, ya kwanza kwa urefu na ya pili kwa upana, sakafuni na ukutani hadi juu ya usawa wa kichwa. Pembeni na kuzunguka tundu akazamisha katika dawa hiyo vipande vya kitambaa cha nyuzi. Tulimuuliza ni nyuzi za nini. Akasema ni za fibaglasi. Tulicheka sote, tuliyemtoa kwa mlango mkuu amerejea kwa mlango wa uani.

Halafu ikaja siku ambayo hatutaisahau upesi. Mzee aliliziba tundu, akajaza maji kina cha vidole vinne, akapiga mstari wa penseli ukutani kwenye usawa wa maji. "Mchana na usiku," alisema. "Na mtu wa kunipa ruhusa si nyinyi. Ni yule wa chini."

Tuliteremka tukamweleza bi mkubwa. Alikubali kama aliyekabidhiwa amana. Alitandika gazeti jeupe chini ya boriti mpya, akaweka kiti, akakaa na tasbihi yake. Saa za Sala alisali palepale. Tuliposhuka baada ya Isha alituambia, "Kavu." Alfajiri, kabla hatujafika ngazini, tulisikia sauti yake: "Kavu, shekhe!" Baada ya saa 24 mstari wa penseli ulikuwa bado unalamba maji. Kijana wetu alilizibua tundu. Tulikuwa hatujaweka hata kigae kimoja, na tayari tuliona kazi imefanyika.

Juu ya vigae hatuna mengi ya kusema. Sakafuni tulitia vidogo, visivyong'aa, kwa kuwa vidogo huufuata mwinamo vizuri na maungio yake mengi huushika mguu. Akina mama, twawasihi muwaachie vya kung'aa ukutani. Mtu mzima akiteleza akavunjika nyonga, uzuri wa kigae hautamwinua. Tulitia pia chuma cha kushikia. Ahali yetu alipata ua moja la samawati kwa kila safu, kwa sulhu.

Jambo moja la zamani tumelirejesha. Wazee wetu hawakuwa na shawa. Walikuwa na birika lililojengwa pembeni na kupakwa neru, na kata ya kifuu, na huko Lamu kulikuwa na nyumba zilizofuga visamaki birikani wale viluwiluwi vya mbu. Katika hadithi ya Anas, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa sai moja hadi mudi tano. Sai ni mudi nne, wala haizidi lita 3 au karibu na hapo. Shawa yetu ya zamani ilitoa kiasi hicho kabla ya mtu kumaliza kutia nia. Kisiwa chetu hakina mto. Maji hutujia kutoka Baricho, Marere, na chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na siku yasipokuja twayanunua kwa mitungi ya mkokoteni. Basi tumejenga kibirika kidogo cha vigae cha kuingia ndoo mbili, na kata yake. Shawa ipo, kwa wagonjwa na wageni. Wajukuu wamekipenda kibirika kuliko tulivyotarajia, na wameambiwa kuwa choo ni mlango wa pili.

Fundi mzee alipewa ujira wake siku aliyomaliza, kabla ya kukunja vyombo vyake. Fundi kijana naye alilipwa siku zake mbili za kubomoa, na hatuna kinyongo naye. Twajua alifunzwa haraka na watu wenye haraka kama sisi.

Iliyobaki ni dari ya bi mkubwa. Mzee alikataza isiguswe kwa simiti wala rangi ya mafuta, kwa kuwa mti uliozibwa huoza kwa siri. Yataka chokaa, ipate kupumua. Na chokaa haishiki penye unyevu. Kuta zile za matumbawe zimenywa maji ya miaka, na kwa hesabu yake hazitakauka kabla ya kaskazi kuvuma vizuri. Kwa hiyo doa bado lipo, na boriti mpya zaonekana zikiwa na rangi tofauti na wenzake. Tumemwandikia bi mkubwa karatasi yenye saini yetu na ya mashahidi wawili, kuwa kazi hiyo iko juu yetu, na tukifa kabla yake itolewe katika mali yetu kabla ya kurithiwa. Alisema hakuna haja. Tukamwomba aipokee, akaikunja akaitia ndani ya msahafu wake.

Msala ameurudisha mahali pake pa zamani. Besheni bado analiweka pale pale usiku. Anasema ni mazoea tu.

Wiki ijayo, inshaallah, tutajibu maswali mawili yaliyotufikia juu ya mahari yaliyocheleweshwa. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.